Mbuyu wetu na ndugu zake wa ng'ambo: mbegu ilibebwa na nani?

Msikilizaji wetu wa Masasi na Newala, mbuyu unaoujua una ndugu zake ng'ambo ya bahari. Duniani kuna aina 8 za mibuyu: 6 ziko Madagaska, moja ni hii yetu ya Afrika, na moja iko kaskazini magharibi mwa Australia. Zilifikaje huko kote?

Kwa mkorosho jibu ni rahisi. Asili yake ni Brazili, na Wareno ndio walioleta mbegu zake Afrika Mashariki. Kwa mbuyu, jibu limetafutwa kwenye vinasaba, yaani maelezo ya urithi ambayo kila mmea hupokea kutoka kwa wazazi wake.

Vinasaba hubadilika polepole kama lugha. Wamakonde wa Newala na wale wa Mueda, ng'ambo ya Mto Ruvuma, wana maneno yanayotofautiana. Kadiri watu wanavyokaa mbali kwa muda mrefu, ndivyo tofauti zinavyozidi. Wataalamu nao huhesabu tofauti za vinasaba na kukadiria mimea ilitengana lini.

Mwaka 2024, watafiti waliosoma vinasaba vya aina zote 8 walitoa matokeo yao. Wanakadiria kuwa mbuyu ulianzia Madagaska miaka milioni 21 iliyopita, ukafika Afrika na Australia yapata miaka milioni 12 iliyopita. Wakati huo binadamu hakuwepo, na mabara yalikuwa yameshatengana zamani. Kwa hiyo wanaona kwamba mbegu zilielea na kusukumwa na mikondo ya bahari.

Utafiti huo una onyo pia. Aina mbili za Madagaska zina tofauti ndogo mno kati ya mti na mti. Miti inayofanana hivyo, ukija ugonjwa au ukame, inaweza kudhurika yote kwa pamoja.

Hilo linatuhusu. Mbuyu huhitaji chavua ya mbuyu mwingine ili uzae vizuri, na popo ndiye anayeibeba usiku. Mibuyu ikibaki michache, ubuyu nao utapungua. Kwa hiyo unapofyeka shamba la korosho, bakiza miche michache ya mbuyu na uikinge na mbuzi. Ukitaka kuotesha mipya, changanya mbegu za miti tofauti, usitegemee mti mmoja.