Shukrani ya Aliyeponea Chupuchupu

Ndugu wakazi wa pande zote mbili za mto Kagera,

Mtu anapotoka salama katika hatari, ulimi wake hutangulia kushukuru. Upande wa Ngara tutasikia "Alhamdulillahi" au "Mungu ni mwema". Upande wa Kirehe tutasikia "Imana ishimwe". Maneno hayo hutamkwa mara nyingi kando ya barabara inayopita Rusumo, na anayeyatamka huwa ni dereva, mwendesha pikipiki au mwenda kwa miguu aliyekuwa karibu kupoteza maisha sekunde chache tu zilizopita. Katika toleo hili tumeona vema kueleza jambo hilo la kuponea chupuchupu: hapa mpakani hutokana na nini, humfanyia nini aliyenusurika, na shukrani yake yaweza kuwafaa nini wengine.

Sababu ya kwanza ni kwamba daraja la Rusumo huunganisha nchi mbili zenye kanuni mbili. Nchini Tanzania, kama ilivyo Kenya na Uganda, magari hupita kushoto. Nchini Rwanda, kama ilivyo Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, magari hupita kulia. Dereva wa lori aliyetoka Dar es Salaam amekwisha kuendesha zaidi ya kilomita 1,000 akishika kushoto. Anapovuka daraja huwa macho. Huzitazama alama, hulifuata gari lililo mbele yake, na kwa kawaida hakosei. Kosa humngoja mbele zaidi: alfajiri anapoondoka mahali alipolala, anapotoka katika kituo cha mafuta, anapokata kona kuingia barabara nyingine, au barabara inapokuwa tupu na hakuna gari la kumkumbusha. Hapo mazoea ya miaka mingi huushika usukani kabla akili haijaamka. Dereva wa Rwanda aingiaye Tanzania hukabiliwa na mtihani huo huo kwa upande wa pili.

Sababu ya pili ni mahali ulipo usukani. Magari ya Tanzania kwa kawaida huwa na usukani upande wa kulia. Gari kama hilo likipita kulia nchini Rwanda, dereva huwa ameketi upande wa ukingo wa barabara. Akitaka kulipita lori lililo mbele yake, hawezi kuona kinachokuja mpaka atokeze karibu gari zima katika njia ya wanaokuja. Magari mawili yanayokabiliana, kila moja likienda kilomita 60 kwa saa, hukaribiana kwa takribani mita 33 kila sekunde. Sekunde tatu za kusitasita ni kama urefu wa uwanja wa mpira.

Sababu ya tatu huwahusu waenda kwa miguu. Panapopitwa kushoto, gari la kwanza kumfikia mtu anayeanza kuvuka hutoka kuliani kwake. Panapopitwa kulia, hutoka kushotoni. Mama aendaye sokoni ng'ambo ya mto, aliyezoea tangu utotoni kutazama upande mmoja kwanza, anaweza kuingia barabarani akiwa ameupa mgongo upande wenye hatari.

Mtu akikoswakoswa, mwili hupokea habari kabla yake. Homoni ya adrenalini humwagika katika damu, moyo huenda mbio, viganja hutoa jasho, magoti hulegea. Wengine hucheka, wengine hulia, wengine hupandwa na hasira na kutaka kumfuata aliyewakosakosa. Hali hiyo haifai kuendeshea gari. Twawasihi madereva, pindi hatari ipitapo, watafute mahali salama nje ya barabara, wazime injini, na wapumzike mpaka mikono iache kutetemeka. Ugomvi wa barabarani haujawahi kumrudishia mtu sekunde aliyoipoteza.

Kisha huja shukrani, nayo ni njema. Aliyenusurika huiona familia yake upya, na huenda akaendesha polepole siku nzima. Lakini woga una desturi ya kuyeyuka. Baada ya siku chache mwendo hurudi ule ule, na kisa hubaki kuwa hadithi ya kusimulia jioni. Tunao usemi kwamba ajali haina kinga. Usemi huo humfariji aliyefikwa. Haukusudiwi kumlaza aliyeonywa. Ajali iliyokosekana kidogo ina vyanzo vile vile vya ajali iliyotokea: kona ile ile, kiza kile kile, mazoea yale yale. Tofauti huwa ni shubiri moja, na mtu atakayefuata hakuahidiwa shubiri hiyo.

Wenzetu wa safari za anga walilijua hilo kwa gharama kubwa. Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya TWA iliyokuwa ikishuka kuelekea Washington, Marekani, iligonga mlima katika jimbo la Virginia, na watu wote 92 waliokuwamo wakafa. Rubani na mwongoza ndege hawakuwa wameielewa kwa namna moja ruhusa ya kushuka. Uchunguzi ulionyesha kwamba wiki sita kabla, ndege ya shirika jingine ilikuwa imefanya kosa hilo hilo mahali hapo hapo na kuukosakosa mlima ule. Shirika hilo liliwaonya marubani wake. Onyo halikuwafikia marubani wa TWA.

Kwa sababu hiyo mwaka 1976 Marekani ilianzisha utaratibu wa kupokea taarifa za hatari zilizokoswakoswa. Usimamizi wake ulikabidhiwa NASA, chombo kisichokuwa na mamlaka ya kuwaadhibu marubani, na majina ya watoa taarifa huhifadhiwa kwa siri ili woga usiwafunge midomo.

Mpaka wetu unaweza kuwa kama mashirika yale mawili. Dereva wa Ngara aliyekoswa kwenye kona fulani ya Kirehe huwaonya wenzake wa Ngara. Dereva wa Kirehe atakayepita hapo kesho hana habari. Husemwa: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Lakini atatiaje maji asiyejua kwamba mwenzake amenyolewa?

Kwa hiyo tunaomba mambo manne. Kwanza, aliyenusurika asimulie mahali, saa na namna ilivyokuwa, kwa kituo cha polisi kilicho karibu, au kwa kiongozi wa mudugudu au mwenyekiti wa kijiji. Hakuna haja ya kumtaja mtu. Tunachohitaji kujua ni mahali penye hatari. Pili, dereva aliyevuka daraja ajikumbushe upande wa barabara kila anapowasha gari, wala si mpakani tu. Na utingo, ambaye upande wake huona mbele vizuri zaidi, awe jicho la pili wakati wa kulipita gari jingine. Tatu, anayevuka kwa miguu atazame pande zote mbili, kisha arudie kutazama. Nne, wazazi na walimu wawaeleze watoto kanuni za nchi zote mbili, kwa maana watoto wetu huvuka mto kama watu wazima.

Penye hatari ya papo hapo, piga simu namba 112.

Mungu aliyekuponya ashukuriwe, na jirani yako wa ng'ambo aambiwe. Tunawatakia nyote safari njema.