Kupanda Kilimanjaro na Marafiki: Pangeni Pia Kushuka

Kila ifikapo Juni na Julai, mvua za masika zimekwisha na shule zimefungwa, vijana wengi wa parokia zetu hukaa pamoja na kupanga safari ya kupanda Mlima Kilimanjaro. Ni jambo jema. Mlima ni wetu, na haipendezi wageni watoke mbali kuja kuupanda huku sisi tukiutazama kwa chini tu. Lakini sisi wauguzi tunaofanya kazi miteremkoni mwake tunalo neno kwa vijana hao, na kwa wazazi wanaowachangia nauli.

Tunamkumbuka kijana mmoja aliyeletwa hospitalini kwetu. Walikuwa marafiki sita, wamechanga fedha kwa miezi mingi. Yeye alikuwa mcheza mpira, mwenye nguvu kuliko wote. Walipolala Horombo kichwa kilianza kumwuma, lakini alinyamaza akameza dawa za maumivu kwa siri. Walipofika Kibo hakuweza kula, na akawa anapepesuka kama mlevi. Wenzake walicheka wakidhani ni uchovu. Bahati njema mwongozaji wao alitambua hatari, akaamuru ateremshwe usiku ule ule kwa machela ya gurudumu. Alipona. Tulipomwuliza kwa nini hakusema mapema, alijibu kwamba aliona haya, na aliogopa kuharibu safari ambayo kila mmoja alikwisha kuilipia.

Waswahili husema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Ugonjwa wa mwinuko ni nini?

Kadiri tunavyopanda juu ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Katika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, kila pumzi huleta takriban nusu tu ya oksijeni tunayoipata pwani. Mwili waweza kuzoea hali hiyo, lakini huhitaji siku kadhaa. Anayepanda upesi kuliko mwili wake unavyozoea hupata ugonjwa wa mwinuko.

Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu, uchovu mwingi na kukosa usingizi. Tukumbuke kwamba ugonjwa huu hauchagui. Kijana mwenye misuli aweza kuupata akamwacha mjomba wake mzima kabisa. Hata wapagazi waliozoea mlima huugua.

Zipo dalili mbili za hatari kubwa. Ya kwanza ni maji kujaa katika mapafu: mgonjwa huhema hata akiwa amekaa, hukohoa, pengine hutoa povu lenye rangi ya damu, na midomo hugeuka rangi. Ya pili ni ubongo kuvimba: mgonjwa hupepesuka na kuchanganyikiwa. Mwambieni atembee katika mstari mnyoofu, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akishindwa, msingoje asubuhi. Mteremsheni mara moja, hata kama ni usiku. Oksijeni na dawa husaidia, lakini tiba kuu ni kushuka. Mara nyingi kushuka mita 500 hadi 1,000 huleta nafuu.

Mambo ya kupanga mapema

1. Siku. Wengi hupunguza siku ili kupunguza gharama. Hapo ndipo hatari huanzia. Kwa njia ya Marangu, Mandara iko mita 2,720, Horombo mita 3,720, na Kibo karibu mita 4,700. Madaktari hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500. Mnaona kwamba njia hii huruka karibu mita 1,000 kila siku. Kwa hiyo laleni Horombo usiku mbili. Kama fedha haitoshi kwa siku hiyo ya ziada, ahirisheni safari hadi mwakani. Mlima hautahama.

2. Afya. Mwenye ugonjwa wa moyo, upungufu mkubwa wa damu au selimundu, na mama mjamzito, wasiende. Mwenye pumu, kisukari au shinikizo la damu amwone daktari kwanza. Ipo pia dawa ya kukinga, iitwayo asetazolamidi, lakini si ya kila mtu. Apangiwe na daktari, hasa kama mwili wake hukataa dawa za salfa. Aidha, atokaye sehemu yenye mbu aweza kupanda akiwa na malaria mwilini. Homa kali ikitokea mlimani, msiseme ni baridi tu. Ashuke akapimwe.

3. Mavazi. Usiku wa kwenda kileleni baridi hushuka chini ya nyuzi sifuri, na hii ndiyo miezi ya kipupwe. Fulana ya pamba ikilowa jasho humpoza mtu. Sokoni kwa mitumba mtapata sweta na soksi za sufu kwa bei nafuu. Viatu vivaliwe wiki kadhaa kabla ya safari, visije vikawachubua.

4. Chakula na maji. Kunyweni maji mara kwa mara, na kuleni hata kama hamu ni ndogo. Pombe na dawa za usingizi ziachwe nyumbani, kwani hupunguza nguvu ya kupumua.

5. Makubaliano. Hili ndilo kubwa kuliko yote, na halina gharama. Kabla ya kutoa senti ya kwanza, kaeni pamoja mkubaliane hivi: kila asubuhi na jioni kila mmoja ataulizwa habari ya kichwa, chakula na usingizi, naye atajibu kweli. Anayeumwa hataendelea kupanda mpaka apone, na akizidiwa atashuka. Hatashuka peke yake, na rafiki wa kumsindikiza atajwe kwa jina tangu nyumbani. Wala hakuna atakayemcheka au kumdai kwa sababu ya safari iliyokatika.

Wazazi nanyi waulizeni watoto wenu kama wamekwisha kukubaliana hivyo. Msiwaulize tu kama watafika kileleni, maana swali hilo peke yake humfanya kijana afiche maumivu.

Wapagazi hutuimbia neno moja njia nzima: polepole. Tunawaomba mliongezee la pili: semeni. Aliyeshuka akiwa mzima atapanda tena mwakani pamoja na wenzake.