Bastola inakwama kiisha kusafishwa: kwa nini, na usiiguse namna gani

Bastola imefunguliwa juu ya meza, imepanguswa, imetiwa mafuta, imefungwa tena. Halafu chuma cha juu, kile kinachoteleza mbele na nyuma na ambacho wazungumzaji wa Kifaransa wanakiita glisieri, kinakataa. Hakiendi nyuma, ao kinafika katikati na kubaki palepale. Askari polisi anayelala nyumbani na silaha ya kazi anajua hali hiyo, na raia mwenye ruhusa ya kushika silaha pia. Na kwa sababu hapa Kisangani vyumba vyetu ni vidogo na watoto wako pembeni, jambo hili linahusu nyumba nzima, si mwenye silaha peke yake.

Tuanze na kile chuma kinachofanya. Risasi ikitoka, chuma cha juu kinarudi nyuma, kinatupa ganda nje. Kisha resori inakisukuma tena mbele, na njiani kinachukua risasi nyingine kutoka ndani ya sharjeri na kuiingiza katika chumba cha risasi, nyuma ya mtutu. Basi kikikwama huwezi kuona vizuri kilichomo chumbani mle. Hapo ndipo hatari inaanza.

Mtu atajibu: mimi nimeifungua yote, risasi itatoka wapi? Ni kweli, bastola iliyofunguliwa kabisa chumba chake kilikuwa kitupu. Lakini angalia watu wanavyofanya wakimaliza kuifunga. Wanatia sharjeri yenye masasi, wanavuta ili kujaribu. Chuma kinachukua risasi moja, kinakwama nayo njiani, na sasa silaha iliyokuwa tupu dakika mbili zilizopita si tupu tena. Anaanza kuipiga kwa kiganja ao kwa nyundo, kidole kiko karibu na kifyatulio, mtutu unaelekea ukuta wa jirani. Chuma kikiachia ghafla, kinafunga na risasi ndani. Ukuta wa matofali mabichi, usiseme ule wa mbao, hauwezi kukuhakikishia chochote.

Kwa hiyo kitu cha kwanza: toa sharjeri. Kidole kiwe nje ya kifyatulio, mtutu uelekee mahali pasipo na mtu, na wote waliomo ndani watoke. Masasi yabaki chumba kingine mpaka kazi yote iishe. Usichungulie ndani ya mtutu kutoka mbele, hata kama unadhani ni kitambaa kimebaki humo.

Sababu yenyewe mara nyingi ni ndogo, tena ya kuchekesha. Ya kwanza kabisa ni kifungo cha usalama. Katika Browning GP na katika Makarov, kifungo kikiwa kimewekwa, chuma cha juu kinafungwa. Watu wanavuta, wanatoka jasho, kumbe silaha inafanya kazi yake tu. Tokarev ya Kirusi haina kifungo cha namna hiyo, lakini ina tabia yake: nyundo ndogo ya nyuma ikibaki katikati, si mbele wala nyuma kabisa, inafunga chuma cha juu. Sharjeri ikiwa nje na mtutu uko upande salama, kuvuta nyundo hiyo nyuma kabisa kwa dole gumba kunamaliza shida. Mwenye kutojua anakimbilia pense.

Sababu ya pili ni kipande kilichorudishwa vibaya, na hapa aina ya bastola ni muhimu. GP ilianzishwa na Mmarekani John Browning, aliyefariki mwaka 1926 kule Liège, na Mbelgiji Dieudonné Saive akaimaliza. Jeshi la Ubelgiji likaichukua mwaka 1935, ndiyo maana wanasema GP 35. Katika silaha hiyo mtutu na chuma cha juu vinashikana wakati wa kupiga, kisha mtutu unashuka kidogo ili viachane. Kuna pini ya pembeni, inayoingizwa kutoka upande wa kushoto. Fimbo ya resori iliyo chini ya mtutu ina tundu, na pini lazima ipite humo. Fimbo ikigeuka, pini haiingii sawasawa, na mwenye haraka ataisukuma kwa nguvu. Tokarev inafuata wazo lilelile, ila chini ya mtutu wake kuna kiungo kidogo kinachochezacheza. Pini ikikosa tundu la kiungo hicho, hakuna kitu cha kuvuta mtutu chini: mtutu na chuma vinabaki vimeshikana, na hata ukiwaita vijana watatu hawatavifungua kwa mikono.

Makarov ni tofauti. Mtutu wake hausogei, resori imeuzunguka. Ncha moja ya resori imekaza kuliko nyingine, na hiyo ndiyo inatangulia kuingia kwenye mtutu. Ukiigeuza, resori inaponyoka wakati wa kufunga na kujikunja mahali pabaya.

Sababu ya tatu ni mafuta, na hii ni yetu sisi. Wengine wanapaka mafuta ya mawese kwa sababu ndiyo yako jikoni. Mawese yanaganda, yanashika vumbi, na baada ya siku nyingi yanakuwa kama gundi. Mafuta ya motere ya pikipiki yaliyotumika yanabeba uchafu na unga wa chuma. Tena wengine wanamimina mengi wakifikiri mengi ndiyo mazuri. Bastola inahitaji mafuta mepesi ya silaha, matone machache kwenye reli ambamo chuma kinapita, na chumba cha risasi kibaki kikavu. Kwa unyevu wa huku kwetu, mvua karibu mwaka mzima, silaha iliyofungiwa ndani ya ala ya ngozi yenye maji inashika kutu hata kama ulipaka jana.

Kama kifungo na nyundo viko sawa, na bado chuma hakisogei kwa nguvu ya kawaida ya mkono, simama hapo. Usipige nyundo, usibane na etau. Silaha ya serikali inarudi kwa fundi wa silaha wa kambi ao wa komisaria, na umwambie wazi ulifanya nini, kama ulitia risasi ao hapana. Kuficha kwa kuogopa adhabu kunamfanya fundi aishike kama silaha tupu. Ikisha kutengenezwa, majaribio ni mara kadhaa bila risasi hata moja.

Masasi nayo yasichanganywe. Ya GP na ya Makarov yote watu wanaita "tisa", lakini ganda la moja lina urefu wa milimita 19, la nyingine 18. Yakichanganyika, kukwama kutarudi hata kama ulifunga vizuri.

Kuna bastola nyingine ambayo haifai kusafishwa kabisa: ile iliyookotwa. Vita vya Siku Sita, kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda, tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, viliua raia zaidi ya 760 katika mji huu kadiri ya Umoja wa Mataifa, na viliacha vyuma vingi ndani ya udongo. Silaha iliyolala ardhini inakwama kwa kutu, na risasi inaweza kuwa ingali chumbani, mbovu kwa nje na nzima kwa ndani. Mtu anayeilowesha na mazute ili iachie anacheza na asichokiona. Hali ni ileile kwa bastola ya marehemu baba uliyoikuta ndani ya sanduku. Ordonansi-sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 ndiyo inapanga mambo ya silaha na masasi nchini, na bila ruhusa raia hana haki ya kuishika. Usiibebe mwenyewe juu ya toleka kuipeleka polisi, maana njiani hakuna atakayejua nia yako. Iache palepale, fungia watoto mlango, mwite shefu wa kartie, naye aite polisi waje kuichukua wenyewe.