Dende hula kitanda chake: tumtandikie nini?

Wamama wenzetu, katika Kivu ya Kusini, kuanzia Kabare na Walungu mpaka mitaa ya Bukavu, dende ni akiba ya nyumba nyingi. Ng'ombe huhesabiwa kuwa mali ya baba, lakini dende wanaofugwa jikoni ni mali ya mama na watoto. Jike hubeba mimba miezi miwili na siku chache, kisha huzaa watoto wawili, watatu au wanne, wenye manyoya tayari na macho wazi. Masomo ya msingi katika shule za serikali yalitangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, lakini daftari, viatu na sare bado vinaomba pesa, na sekondari ina minervali yake. Sisi tunaofundisha tunajua kwamba dende wawili wakiuzwa sokoni wanaweza kumrudisha mtoto darasani.

Ndiyo maana inauma kuona kundi zima linaisha katika msimu mmoja wa mvua. Tunalaumu ugonjwa, tunalaumu jicho la jirani, na hatuangalii mahali dende analala.

Kitanda kibaya kinaua namna gani?

Dende anakojoa sana, na anaishi tumbo likiwa karibu na chini. Mkojo ukikaa, hutoa hewa kali inayochoma macho, pua na mapafu. Baridi ya udongo ikiongezeka, homa ya mapafu inaingia: dende anajikunja pembeni, pua inatoa maji, hataki kula. Unyevu huleta pia vidonda chini ya miguu.

Jambo la pili tunalisahau: dende anakula kile analalia. Kwa hiyo, mbele ya kumtandikia kitu chochote, tujiulize maswali matatu. Je, ni kikavu? Je, kinanyonya mkojo? Je, akikila, atapona?

Tuangalie kile tuko nacho nyumbani

Nyasi kavu ndiyo ya kwanza. Inaleta joto, ni laini, na dende akiitafuna haimdhuru. Tuchague nyasi za majani laini. Mashina magumu kama ya matete huchoma macho, basi tuyakatekate. Nyasi mbichi zikirundikwa hupata joto na kuoza, kwa hiyo tuzianike vizuri kwanza.

Majani makavu ya mgomba yanapatikana karibu kila mahali kwetu. Tuyapasue vipande vidogo. Lakini hayanyonyi mkojo vizuri, kwa hiyo tuyachanganye na nyasi.

Maganda ya maharage yanafaa kama yamekauka kabisa. Yenye ukungu tuyatupe. Na kama shamba lilipigwa dawa ya wadudu karibuni, tusiyaingize kwa dende.

Maranda, yale yanayotoka kwenye randa ya seremala, yananyonya mkojo kuliko vyote. Tuulize ni mti gani. Miti yenye harufu kali, kama sipresi na msonobari, inaweza kuumiza mapafu. Tukatae pia mbao zilizopakwa rangi au dawa. Unga mwembamba wa msumeno tuuache, maana unaingia puani.

Vitambaa vya zamani na magunia ya plastiki tusitumie. Nyuzi zake hufunga miguu, na dende akizimeza zinaweza kuziba tumbo.

Majani ya nyanya na ya viazi ulaya yana sumu, na sombe mbichi pia ina sumu yake. Hata kama yamejaa shambani, yasifanywe kitanda.

Namna ya kutandika

Tuanze na mahali pakavu, mbali kidogo na moshi wa jiko, penye kupitisha hewa lakini si pa upepo mkali. Sakafu ya mianzi yenye nafasi kubwa huvunja miguu ya watoto wa dende. Tuzibe nafasi hizo. Juu tuweke matandiko ya kimo cha vidole vinne hivi.

Kila asubuhi tuondoe kona iliyolowa na mabaki ya majani. Kila juma tubadilishe yote. Kama dende ni wengi au mvua inazidi, mara mbili. Njia ya kupima ni rahisi: tushike matandiko, tuyafinye. Kiganja kikilowa, yatoke. Kisha tuiname mpaka kimo cha dende na tuvute pumzi. Harufu ikituchoma, yeye inamchoma usiku wote.

Matandiko makavu hayachukui nafasi ya chakula kibichi. Mwili wa dende, kama wa binadamu, hauwezi kujitengenezea vitamini C, kwa hiyo majani mabichi apate kila siku.

Na watoto wetu

Kazi hii watoto wanaipenda, na inawafundisha uangalifu. Lakini wakimaliza wanawe mikono kwa sabuni, mbele ya kugusa bugali. Mavi ya dende yanaweza kuleta ugonjwa wa kuhara, na dende mwenye mabaka yasiyo na manyoya anaweza kumwambukiza mtoto mapunye. Huyo atengwe. Mtoto mdogo anayetambaa asichezee hapo dende wanalala.

Matandiko yanayotoka tusiyatupe kwenye mfereji. Tuyarundike pembeni ya shamba, tuyafunike na majani, yaoze. Halafu yatalisha lengalenga, mboga ya watoto haohao.

Kwetu kiangazi ni Juni mpaka Agosti. Katika miezi hiyo, kila kikundi kinaweza kupanga siku moja ya salongo ya kukata na kukausha nyasi, kisha kuziweka mahali pasipovuja. Mvua ya Septemba ikianza, mama mwenye fungu kavu chini ya paa hatakimbia huku na huku kutafuta kitanda cha dende wake.