Mtoto akivimba taya: kwa nini binti yetu anataka kusoma kansere



Siku ya mkutano wetu uliopita, tulipokwisha kuhesabu makuta ya likelemba, mama mmoja wa kikundi alisimama na kutuomba jambo. Binti yake amemaliza masomo ya umunganga kule Lubumbashi. Sisi sote tulimfurahia siku ile aliposhuka kwenye treni na diploma yake. Tulipika, tulicheza mpaka usiku. Sasa binti anasema hajamaliza. Anataka kusoma tena miaka mitatu au minne, kansere tu, na tena katika nchi nyingine. Mama yake aliomba kikundi kimsaidie makuta ya safari na ya makaratasi.

Hapo kelele zilitoka. Mmoja aliuliza: "Miaka yote hiyo kwa ugonjwa mmoja tu?" Mwingine alisema: "Kansere haiponi. Kusoma kitu kisichopona, ni kusoma nini?" Wengine walicheka.

Ndipo mama mmoja aliyekaa nyuma, yule asiyesema sana, alisema pole pole: "Mtoto wangu alivimba taya. Munajua wote. Kama angekuwako hapa mtu aliyesoma ile, leo ningekuwa na kijana wa sekondari." Hakuna aliyecheka tena. Mkutano ulifungwa bila uamuzi, na sisi walimu tuliombwa kutafuta maana ya masomo hayo na kuyaeleza katika gazeti hili kabla ya mkutano ujao.

Mama yule ametupa ruhusa ya kueleza habari ya mtoto wake, bila kutaja jina. Sisi walimu tunaikumbuka vizuri, kwa sababu mtoto alikuwa katika darasa letu la kwanza, kwenye benchi ya mbele. Alikuwa na miaka sita. Siku moja jino lilianza kulegea, kisha shavu likavimba. Sisi tulisema: ni meno ya utoto yanatoka. Alipelekwa kung'olewa jino, lakini kidonda hakikufunga na uvimbe ukazidi. Watu wakaanza kusema kuna mkono wa mtu. Makuta yakaenda kwa waombaji na kwa nganga wa kienyeji. Juma la tano ndipo alipandishwa treni kwenda hospitali kubwa, na wakati huo tumbo pia lilikuwa limevimba. Hakurudi. Sisi walimu hatuwezi kuwalaumu wazazi wake, kwa maana sisi ndio tuliosema wa kwanza kwamba ni jino.

Hatukumpima sisi, wala hatuwezi kusema leo kwa hakika ugonjwa wake uliitwaje. Lakini kuna kansere moja ya watoto inayokuja hivyo hivyo, na historia yake imeanza karibu nasi, kule Uganda. Inaitwa limfoma ya Burkitt.

Denis Burkitt alikuwa munganga wa kupasua, mzaliwa wa Ireland, mwenye jicho moja tu tangu utoto wake. Mwaka wa 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, mwenzake Hugh Trowell alimwita amwone mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kushoto na kuume. Burkitt hakujua ni nini. Muda mfupi baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja. Akatazama dirishani, akaona mtoto mwingine amekaa na mama yake, ana uvimbe ule ule. Akatoka, akampima, akakuta vivimbe na tumboni pia. Akajiuliza: kama ni wawili, basi ni wangapi? Akaanza kufungua madaftari ya hospitali, na mwaka wa 1958 akaandika juu ya ugonjwa huo.

Kisha alifanya kazi ambayo hata mwalimu wa jiografia angeipenda. Aliandikia hospitali nyingi za Afrika na kuuliza: je, munawaona watoto wa namna hii? Mwaka wa 1961 yeye na rafiki zake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walinunua gari kuukuu la Ford wakasafiri majuma 10, karibu kilometa 16,000, kutoka hospitali mpaka hospitali. Waliona kwamba ugonjwa unapatikana katika nchi za joto na mvua nyingi, na haupatikani juu ya milima yenye baridi. Ramani yake ilifanana na ramani ya malaria. Na malaria, wamama, nani hapa Kamina hajui?

Mwaka ule ule wa 1961 Burkitt alifundisha juu ya jambo hilo mjini London. Msomi mmoja, Anthony Epstein, alimsikiliza akawaza kwamba huenda kuna virusi ndani yake. Tangu hapo vipande vya uvimbe wa watoto vilitumwa kwa ndege toka Kampala mpaka London. Mwaka wa 1964 Epstein na wasaidizi wake wawili, Yvonne Barr na Bert Achong, walitangaza kwamba wameona virusi hivyo. Vinaitwa mpaka leo Epstein-Barr.

Huyo Barr tunataka mumkumbuke. Alikuwa mwanamke kijana, aliyemaliza universite na kuendelea na masomo ya juu, yaani yale yale ambayo binti yetu anayaomba. Kazi yake ilikuwa kukuza selule za uvimbe katika chupa, siku kwa siku, mpaka ziishi. Selule ni vyumba vidogo sana vinavyojenga mwili. Ndivyo tunavyowafundisha watoto wetu. Alipata udaktari wa sayansi mwaka wa 1966. Aliolewa, akahamia Australia, na huko akawa mwalimu wa shule: hesabu, kemia na biolojia. Jina lake liko katika vitabu vya umunganga vya dunia nzima, na yeye alishika chaki kama sisi.

Sasa, binti yetu atasoma nini kwa miaka yote hiyo? Tumemwuliza mwenyewe, na haya ndiyo tuliyoyaelewa.

Kwanza atasoma jinsi selule inavyoharibika. Ndani ya kila selule kuna maagizo ya mwili, na maagizo hayo yamepangwa katika vifungo vinavyoitwa kromozomu. Katika ugonjwa huu, kipande cha kromozomu ya 8 kinakatika na kubandikwa kwenye kromozomu nyingine, mara nyingi ile ya 14. Katika kipande kile kuna agizo linaloiambia selule igawanyike. Likikaa mahali pasipo pake, agizo hilo halinyamazi tena. Selule inagawanyika bila kupumzika. Uvimbe huu unaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili tu. Basi fikirini juma tano.

Virusi vya Epstein-Barr, karibu watu wote tunavyo, tangu utoto, na vinapitia katika mate. Peke yake havitufanyi kitu kikubwa. Lakini mtoto mdogo anayepigwa na malaria mara kwa mara, kinga ya mwili wake inachoka na kuchanganyikiwa, na hapo hatari inazidi. Kwa hiyo chandarua cha mbu kinamlinda mtoto kwa njia nyingi kuliko tulivyofikiri. Na hapa hakuna mkono wa jirani wala wa mke mwenza.

Pili atasoma kutambua. Si kila taya lililovimba ni kansere. Mara nyingi ni jino kweli, au usaha. Hakuna anayeweza kujua kwa macho tu. Lazima kuchukua kipande kidogo cha uvimbe na kukiangalia kwenye mikroskopu. Wasomi wanasema limfoma ya Burkitt inaonekana kama anga la usiku lenye nyota: selule nyeusi zimejazana, na katikati yake madoa meupe. Mtu ambaye hakufundishwa ataiangalia picha hiyo na hataona kitu.

Tatu atasoma kutibu, na hapa ndipo tulipoelewa kwa nini munganga wa kawaida anahitaji masomo mengine. Ugonjwa huu unasikia dawa haraka. Burkitt mwenyewe aliona watoto ambao uvimbe wao uliyeyuka baada ya sindano chache. Lakini uvimbe mkubwa ukifa kwa mara moja, uchafu wake unaingia katika damu na kuziba mafigo. Mtoto anaweza kufa kwa sababu dawa imefanya kazi upesi. Aliyesoma anatanguliza serumu nyingi, anapima mkojo, ndipo anatoa dawa. Tena anajua kwamba kansere hii inaweza kujificha katika maji ya ubongo na ya mgongo, kwa hiyo anachoma sindano nyingine mgongoni. Wamama wengi wanakimbia na mtoto wakiona sindano ile, kwa kuwaza kwamba atalemaa. Na nywele zikianguka wanasema mtoto ameharibika. Dawa inapiga kila selule inayogawanyika haraka, na za nywele zimo. Nywele zitarudi.

Kwa yule mama aliyesema kansere haiponi, jibu ni hili. Katika nchi zenye hospitali kamili, karibu watoto 9 kwa 10 wenye ugonjwa huu wanapona. Kwetu Afrika wanaopona ni wachache kuliko hapo, kwa sababu watoto wanafika wamechelewa, dawa zinakatika katikati, makuta ya wazazi yanaisha, na wanganga waliosoma jambo hilo ni haba.

Uhaba huo si maneno tu. Kule Kampala, mwaka wa 1967, palifunguliwa mahali pa kuwatibu watoto wenye limfoma, na pamekua pakawa Taasisi ya Kansere ya Uganda. Mwanzoni iliongozwa na Mmarekani, John Ziegler. Wageni walipoondoka wakati wa Idi Amin, Mganda Charles Olweny aliishika kazi isife. Na munganga Jackson Orem alipopewa kuiongoza mwaka wa 2004, alikuwa munganga pekee wa kansere katika nchi nzima. Leo amezungukwa na wengi, na taasisi hiyo inawafundisha vijana toka nchi za jirani. Yule mmoja aliyesoma amewazaa wengine.

Njia nyingine ni Dar es Salaam. Huko kuna Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, kando ya bahari. Watanzania wanaiita kansere "saratani". Wanganga wanaosomea kansere katika Chuo Kikuu cha Muhimbili wanajifunzia kazi hapo. Mwalimu atafundisha kwa Kiingereza, na binti yetu ameanza kujifunza usiku kwa simu yake. Lakini mgonjwa kitandani atasema naye Kiswahili, na hilo halimwogopeshi.

Hesabu ya miaka ni ndefu, hatutawaficha. Msingi miaka 6, sekondari miaka 6, umunganga miaka 6 au 7, na sasa hii mingine. Na akirudi hataweza kufanya yote peke yake, bila dawa na bila laboratwari. Lakini mtoto wa Kaniama au wa Malemba-Nkulu atakuwa na mtu wa kumwangalia taya na kusema, "Hili si jino, twende leo." Tena hesabu hiyo inaanza kwetu. Kila mwaka tunaona wasichana wenye akili wanaacha Biolojia-Kemia kwa sababu wameambiwa ni ya wavulana, au wanatolewa shuleni ili kaka alipiwe. Tukifanya hivyo, tusishangae baadaye kukosa munganga.

Wakati tunamngoja, tukubaliane haya:

Mtoto akivimba taya, akilegea meno bila kuanguka, jicho likitokeza mbele, au tumbo likikua haraka, asikae nyumbani hata juma moja. Apelekwe kituo cha afya, na mama aulize waziwazi: "Je, inaweza kuwa kansere?"

Jino likishang'olewa na uvimbe usipungue, rudini upesi. Musichanje wala musipake dawa za majani juu ya uvimbe.

Matibabu yakianza, yasikatwe katikati hata kama uvimbe umekwisha kuonekana. Hapo ndipo kikundi kinaweza kusaidia: chakula, safari, na kumlindia mama watoto waliobaki nyumbani.

Maombi ni mema, na sisi tunaomba. Lakini tuombe tukiwa njiani kwenda hospitali.

Mkutano ujao tutaamua juu ya binti yetu. Mama aliyempoteza mtoto ametuambia kwamba zamu yake ya likelemba ya mwezi huu atamwachia binti huyo, hata kikundi kikikataa. Sisi walimu tumekwisha kukubaliana tutatoa sehemu yetu. Nyinyi wengine, tafadhali mulete mawazo yenu, na mufike mapema.