Taa ya Nyuma Inayokata Kila Wiki

Mwendesha boda wa Lurambi, Kakamega, akimpelekea fundi pikipiki iliyokata taa, mara nyingi hubadilishiwa balbu au fyuzi, akalipa na kurudi stejini. Siku chache baadaye taa zimekata tena. Fyuzi ya tatu ikiungua, mtu huchukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akaikunja na kuiweka mahali pa fyuzi. Hapo hatari inaanza, na fyuzi haikuwa na kosa lolote.

Fyuzi imewekwa iungue ili waya usiungue. Ikikatika mara kwa mara, kuna waya uliochubuka unaogusa fremu, au pikipiki imebebeshwa mzigo usio wake: redio, chaja ya simu, taa za mapambo, spotilaiti mbili. Ukiweka karatasi ya fedha, umeme haukatiki tena na waya ndio unaopata moto, chini ya kiti, karibu na tangi la petroli.

Nikipewa pikipiki yenye ugonjwa huu, naanza kwenye shingo ya fremu, chini ya usukani. Fungu zima la nyaya hupita hapo na hujikunja kila unapokata kona. Baada ya muda shaba hukatika ndani huku plastiki ya nje ikiwa nzima, kwa hiyo taa inawaka ukienda moja kwa moja na kuzimika ukigeuka. Kutoka hapo naenda kwenye keria. Keria nyingi huchomelewa mtaani, na waya wa taa ya nyuma hubanwa kati ya chuma na madigadi. Kuchomelea kwenyewe kunaweza kuua regyuleta, yaani kidhibiti cha umeme wa kuchaji, ikiwa betri haijafunguliwa. Mwambie mchomeleaji afungue vichwa vyote viwili vya betri kabla hajawasha mashine.

Halafu kuna mvua. Eneo la Kakamega hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na maji hayo, pamoja na yale ya pampu ya kuoshea, huingia kwenye soketi za nyaya na kuzaa kutu ya kijani. Kutu hupunguza nguvu ya umeme polepole. Kwa balbu ya kawaida, volti zikipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga hupungua kwa takriban asilimia 30. Mwenye pikipiki hudhani balbu imezeeka, kumbe waya wa athi, ule unaotoka ncha hasi ya betri hadi kwenye fremu, umeshika kutu. Kuusugua kwa msasa na kuukaza upya ni kazi ya dakika chache.

Fundi asiye na mita ya volti anabahatisha. Betri nzuri iliyopumzika husoma karibu volti 12.6. Injini ikinguruma kwa kasi ya wastani, isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikivuka 15, regyuleta imekufa, na hiyo ndiyo inayounguza balbu na kukausha betri. Ikibaki chini ya 13, betri haichajiwi ipasavyo, na betri mpya nayo itakufa vilevile.

Nalisisitiza suala hili la taa kwa sababu ya barabara yetu. Jua la Kakamega huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, na giza huingia upesi. Kwenye A1 kuelekea Malava, matrekta ya miwa hutembea polepole, na magari yaliyo nyuma hutafuta nafasi ya kupita. Gari la kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Pikipiki isiyo na taa ya nyuma huonekana dereva akiwa ameshaifikia, na aliye karibu zaidi na bampa ya gari hilo ni abiria, mama anayetoka sokoni au mtoto wa shule, ambaye hakuulizwa lolote kuhusu fyuzi.

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa fundi, washa injini na taa zote. Geuza usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Mwombe mwenzako akae nyuma na kurukaruka kwenye kiti. Bonyeza breki ya mkono peke yake, halafu ya mguu peke yake, kwa kuwa kila moja ina swichi yake. Taa ikipepesa hata mara moja, kazi bado.