Kushtua si Kutisha: Hoja za Watazamaji wa Mtongwe

Imezoeleka miongoni mwetu sisi walimu kudhani kwamba uhakiki hufanyika darasani tu, na kwamba mtu anayetoka kutazama filamu akasema haikumpendeza hajasema lolote la maana. Dhana hiyo haina msingi. Mtazamaji wa kawaida aghalabu ana hoja. Anachokosa ni mtu wa kumsikiliza na kumwuliza swali la pili. Makala haya yanakusudia kulithibitisha hilo kwa mfano wa filamu moja iliyowavunja watu moyo.

Filamu yenyewe ni The Haunting, iliyoongozwa na Jan de Bont na kutolewa mwaka 1999. Kisa chake kimetokana na riwaya ya mwandishi wa Kimarekani, Shirley Jackson, iliyochapishwa mwaka 1959. Mtaalamu mmoja, ambaye nafasi yake inaigizwa na Liam Neeson, anawaalika watu katika jumba la kale akiwaambia kwamba anatafiti maradhi ya kukosa usingizi, kumbe anachokitafiti ni hofu. Jumba lilijengwa na tajiri aitwaye Hugh Crain, naye hata baada ya kufa hajalihama. Filamu hiyo iligharimu takriban dola milioni 80. Ilipata watazamaji wengi duniani, lakini wahakiki waliishambulia vikali, hata ikateuliwa kuwania zawadi za mzaha za Razzie, ambazo hutolewa kwa filamu mbovu za mwaka.

Wakati wa likizo niliitazama filamu hiyo Mtongwe, upande wa Likoni, pamoja na vijana wapatao kumi na watano. Wengi walikuwa wanafunzi wa sekondari, na wawili au watatu walikuwa wa chuo kikuu. Wazee wachache wa mtaa nao walivutwa na makelele, wakaketi nyuma. Ilipofika mwisho, pale ambapo mzimu wa Crain unatokea mzimamzima, mkubwa kama nyumba, ukumbi mzima uliangua kicheko. Niliwaomba wasitawanyike, kila mmoja aseme kwa nini alicheka. Walisema mengi, nami nitayataja matatu yaliyo na uzito.

Hoja ya kwanza ilitolewa na mvulana wa kidato cha tatu. Alisema kwamba filamu ile inashtua lakini haitishi. Wenzake walimdhihaki wakidhani amerudia jambo moja mara mbili. Kwa mtu wa isimu, hata hivyo, tofauti aliyoigusa ni ya msingi. Kushtua na kushtuka ni jozi ya vitenzi iliyoundwa sawasawa na kuzindua na kuzinduka: jambo humpata mtu mara moja, kisha likapita. Mlango ukibamizwa nyuma yako utashtuka, hata kama unajua fika kwamba ni upepo. Kinachotisha hakipiti upesi namna hiyo. Hukaa moyoni, mtu akaenda nacho nyumbani, akalala nacho. Ndiyo maana lugha yetu ina maneno mengi kwa upande huu, kila moja na mahali pake: woga ni tabia ya mtu, hofu ni hali inayomjia, na kicho ni hofu iliyochanganyika na heshima. Mshtuko hauhitaji hata kimoja kati ya hivyo. Sanamu zinazogeuza nyuso na shuka linaloumuka sura ya mtoto vilimfanya kijana yule aruke kitini, kisha akaendelea kula njugu zake. Hoja yake ilikuwa hiyo hasa, ingawa hakuwa na istilahi za kuipamba.

Hoja ya pili ilikuwa ya mwanafunzi wa chuo. Alilalamika kwamba filamu imeonyesha kila kitu. Hapa historia iko upande wake. Riwaya ile ile ilikuwa imetengenezewa filamu mwaka 1963 na Robert Wise, kwa picha nyeusi na nyeupe na kwa gharama ya takriban dola milioni moja. Katika filamu hiyo ya kwanza mzimu hauonekani kamwe. Twasikia vishindo ukutani, twaona mlango ukibenuka kuelekea ndani kana kwamba kuna kitu kinausukuma, basi. Katika onyesho moja Eleanor amelala gizani, anasikia sauti nyuma ya ukuta, naye amemshika mkono mwenzake Theo kwa nguvu. Taa inapowashwa, Theo yuko mbali, upande wa pili wa chumba. Mkono uliokuwa umeshikwa ulikuwa wa nani? Filamu haijibu, na mtazamaji hasahau. Ile ya 1999 ilikuwa na kompyuta za kuumba kila aina ya kiumbe, ikashindwa kuacha lolote gizani.

Watu wa Pwani hawakuhitaji Hollywood iwafunze jambo hili. Nyumba ambayo Waingereza huiita kwa jina la mizimu yake, sisi husema tu kwamba ina wenyewe. Wenyewe ni nani? Msemaji hasemi, na msikilizaji hashauriwi kuuliza. Katika nyumba nyingi nyoka hatajwi kwa jina lake usiku, bali huitwa kamba. Lugha yenyewe imejifunza kuficha, kwa kuwa yaelewa kwamba kitu kikitajwa waziwazi hupungua ukubwa.

Tazama pia magofu ya Gede. James Kirkman, aliyeanza kuyachimbua mwaka 1948, alikuwa mtu wa sayansi, lakini aliandika kwamba alipoanza kazi pale alihisi kana kwamba kuna mtu au kitu kinamchungulia kutoka nyuma ya kuta, si kwa uadui wala kwa urafiki, bali kikingoja jambo ambalo kilijua litatokea. Hakuna damu katika maelezo hayo, wala hakuna sanamu inayofumbua macho. Hata hivyo, mtu aliyewahi kutembea Gede jioni atakiri kwamba yanatisha kuliko filamu nzima ya de Bont.

Na mwaka 1995, habari za Popobawa zilipoenea Pemba na kisha Unguja, watu waliacha vyumba vyao wakalala nje, jamaa na majirani kwa pamoja, kandokando ya moto. Hakukuwa na picha ya kuwaogofya. Maelezo ya kiumbe huyo yalihitilafiana kutoka mtaa hadi mtaa. Neno lililopita mdomo hadi mdomo lilitosha kuzihamisha familia nzima kutoka vitandani mwao. Hapa sijadili kama alikuwako au hakuwako. Nasema tu kwamba hofu ile haikuletwa na jicho.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonigusa zaidi, nayo ilitoka kwa mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote. Alisema kwamba hakuwaogopea watu wa filamu ile kwa sababu hakuwajua. Hakuambiwa nani anawangoja nyumbani. Kijana mmoja anakatwa kichwa, na hakuna mtu yeyote, ndani ya filamu wala nje yake, anayeonekana kupungukiwa na chochote.

Msomaji akumbuke maneno hayo yalisemwa wapi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri iliyokuwa ikivuka kutoka Mtongwe kwenda kisiwani Mombasa ilipinduka karibu na gati, na watu 272 wakafa. Wengi walikuwa wakienda kazini asubuhi kama kawaida yao. Vijana walioketi nami walizaliwa baadaye, lakini wamelelewa na watu waliongoja siku ile. Katika mtaa kama huo, hofu haitengani na mapenzi: mtu humwogopea aliye wake. Filamu inayomwaga damu ya watu wasio na jamaa haiwezi kumtisha aliyelelewa hivyo. Mzee hakuitaja feri, nami sikumwuliza. Lakini nilipomsikiliza nilielewa kwamba alikuwa akizungumzia kanuni ambayo walimu wa fasihi huifundisha chini ya kichwa cha usawiri wa wahusika, na ambayo wanafunzi huikariri bila kujua inahusu nini.

Ni haki niseme kwamba hawakuafikiana wote. Msichana mmoja wa kidato cha nne aliitetea filamu. Kwake yeye, jumba lenyewe, na ngazi zake na milango yake mizito, lilimtia hofu kabla ya chochote kutokea, na nusu saa ya mwanzo ilimridhisha. Nilimwuliza ni lini hofu hiyo ilimtoka. Alifikiri kidogo, akajibu kuwa ilimtoka pale vitu vilipoanza kuonekana. Bila ya kukusudia alikuwa ameunga mkono hoja ya pili, na akaiongezea jambo ambalo wenzake walikuwa wamelipuuza, yaani kwamba kazi mbaya yaweza kuwa na sehemu nzuri, na mhakiki mwadilifu huzitenga.

Haya yote yanatuhusu nini? Walimu wanaosahihisha insha za fasihi wanajua ugonjwa ninaoutaja. Mwanafunzi anaandika kwamba riwaya inavutia au inachosha, kisha anaweka nukta. Tunamkata alama na kusema hana uwezo wa kuhakiki. Lakini mwanafunzi huyo huyo, jioni, mbele ya filamu, hutoa hukumu yenye sababu, kwa Kiswahili fasaha cha mtaani kwao. Kosa si la akili yake. Tumempa msamiati wa istilahi bila kumwonyesha kwamba istilahi hizo zataja mambo anayoyajua tayari. Taharuki, kwa mfano, ndiyo ile nusu saa ya mwanzo ya yule msichana.

Napendekeza basi zoezi moja kwa walimu wenzangu. Mchukue filamu ambayo wanafunzi wenu wameidharau, si ile wanayoisifu, maana sifa huwa na uvivu. Waulizeni ni dakika ipi ilipoharibika, na kwa nini dakika hiyo. Kisha wapeni Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960, ambamo maiti inakutwa kwenye mzimu na Bwana Msa analifumbua fumbo kwa akili, wachunguze jinsi mwandishi anavyokitumia kicho cha mahali pale bila ya kutuletea pepo hata mmoja. Wakiweza kueleza kwa nini ukurasa wa Abdulla unawakalisha macho na jumba la dola milioni 80 linawachekesha, watakuwa wamehakiki, na alama zao mtazitoa bila ya kusitasita.